Mpira Niliuelewa, Kiazi Nikakikimbia

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, nilikuwa nikipasua kuni kwa Mwalimu Nafula huko Kabuchai. Alikuwa amestaafu kufundisha fizikia na watoto wake walikuwa mbali. Mimi nilikuwa kijana wa vibarua, niliyeacha shule darasa la saba. Mahali pamoja sikumaliza miezi mitatu, lakini kuuliza sikuchoka, na yeye hakuchoka kujibu.

Alisugua kalamu ya plastiki kwenye sweta yake, akaisogeza karibu na vipande vya maganda makavu ya mahindi. Vikaruka, vikaing'ang'ania. Akaniambia kwamba chaji ya umeme husambaza nguvu pande zote, na ukienda mbali mara mbili, nguvu hiyo hubaki robo.

"Sasa weka chaji katikati ya mpira," akasema. "Mpira ukipanuka hadi ngozi iwe mbali mara mbili kutoka katikati, eneo la ngozi hiyo linakuwa kubwa mara ngapi?"

Nilichora chini kwa kijiti, nikafuta, nikachora tena.

"Mara nne! Na robo mara nne ni moja. Kwa hivyo jumla inayopita kwenye ngozi haibadiliki!"

Alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema hesabu hiyo ndiyo mzizi wa sheria kubwa ya umeme: pima kinachotoka kwenye ngozi yote, utajua chaji iliyo ndani bila kuchungulia. Kisha akanipa kiazi kitamu kilichopindapinda.

"Na hiki je?"

"Si ni vilevile tu, Mwalimu. Nimeelewa."

"Ati umeelewa! Wewe umeelewa mpira, bana. Kaa hapa nikufundishe mpaka ufanye mtihani. Nyumba ni kubwa na iko kimya."

Niliona aibu kusema sijui. Asubuhi nikaenda Kitale kuvuna mahindi, bila kumuaga.

Miaka ikapita. Nililala vyumba vingi ambamo hakuna aliyenijua jina. Siku moja, nikianika mahindi, niliona kwamba turubai likiinama, mwanga uleule hutapakaa mahali papana zaidi. Nikaacha reki. Ngozi ya kiazi ni hivyohivyo: panapoinama au kuwa mbali na chaji iliyo ndani, ni pana zaidi, lakini nguvu inayopenya kila sehemu imepungua kwa kipimo kilekile. Jumla haibadiliki. Nikaona pia kwamba chaji ikiwa nje ya kiazi, nguvu yake huingia upande huu na kutokea ule, na jumla ni sufuri.

Niliandika yote kwenye karatasi, nikashuka Bungoma, nikatembea hadi Kabuchai. Mpwa wa Mwalimu alifungua mlango.

"Mwalimu tulimzika mwaka jana. Wewe ni nani wake?"

Karatasi sikumwonyesha.

Mwanangu, kusema "sijaelewa" ni aibu ya dakika moja tu. Ukimpata mtu anayefurahi ukielewa, usimkimbie swali likiwa nusu. Jibu unaweza kulipata peke yako hata baada ya miaka, nami nililipata. Wa kumwambia ndiye niliyemkosa. Na ukilazimika kuondoka, aga.

Mungu akupe moyo wa kutulia, na akuwekee mtu wa kukusikiliza hadi mwisho.