Pumzi Kwenye Mwamba wa Kusini

Kazini walimwita Sikio, kwa kuwa alishinda na hedifoni kichwani akisikiliza bahari. Mwamba wa matumbawe ulio hai haunyamazi. Kamba na samaki wake huchachatika kama mafuta kikaangoni. Sikio alizipanga sauti hizo na kuilisha kompyuta, nayo ikabashiri mwamba upi utakufa maji yakizidi joto na upi utapona, ili wavuvi waambiwe mapema ni mwamba upi wauache upumzike bila kuvuliwa, na hadi lini.

Kompyuta ilisema mwamba wa kaskazini utakufa, na kweli ukafa. Sikio aliusikia ukififia wiki baada ya wiki, hadi ukabaki mvumo wa maji matupu.

Mkuu wa kituo akaagiza sauti za zamani za mwamba ule zipigwe kwa spika chini ya maji, kwenye mwamba wa kusini uliobashiriwa kupona, maana samaki wachanga hufuata kelele za wenzao. Tatizo, rekodi nzuri kuliko zote ilikuwa na pumzi za mzamiaji aliyekwenda kutega kinasa sauti: kaka yake Sikio, aliyegongwa na lori akafa mwaka uliopita. Mkuu alitaka pumzi zile ziondolewe.

Sikio akampelekea mama yake aisikilize kwanza. Mama aliweka kiganja juu ya spika kama anayepima homa.

"Usimfute, mwanangu."

"Samaki watamwogopa, mama."

"Yule aliwahi kumtisha nani?"

Hakumfuta. Samaki wakaja, wadogo kama punje za mchele. Ila mzamiaji mpya akaanza kukwepa zamu ya kusini, akidai kuna mtu anapumua nyuma yake. Wenzake walimtania kwamba analipwa ili apumue, sasa anashangaa nini.

Baadaye ubashiri wa kusini ukapanda kupita kiasi. Alipochunguza, aligundua kuwa vinasa sauti vya kule vilikuwa vimenasa pumzi za kaka yake kutoka kwenye spika, na kompyuta ikazihesabu kuwa dalili ya uhai. Wavuvi wangeruhusiwa mapema mno, na samaki wale wangekwisha.

Alimweleza mkuu yote, akakaripiwa vikali. Kisha akaketi kumwondoa kaka yake, pumzi moja moja. Ubashiri ukashuka, wavuvi wakaambiwa wavute subira.

Mama alipopata habari, aliuliza tu kama kusini sasa ni kimya. Sikio akamjibu kwamba samaki ni tele. Hakumwambia kuwa ile rekodi iliyosafishwa ameshindwa kuisikiliza hadi mwisho, maana kila inapotulia, anasikia mtu akivuta hewa.