Ekseli ya Mwalimu Benedikta

Pale Muheza, mwaka 1954, Laurenti alikuwa fundi baiskeli wa kutegemewa. Baba yake alikata mkonge hadi mgongo ukapinda, na yeye akaapa kwamba mikono yake ingenuka grisi, si katani. Baiskeli ya mteja haikulala bandani mwake siku mbili. Moja tu ilikaa tangu Januari, na ukweli wa jambo hilo aliujua peke yake, au ndivyo alivyodhani.

Ilikuwa baiskeli ya kike ya Mwalimu Benedikta wa shule ya misheni. Ekseli ya katikati, ile inayoshika mikono miwili ya pedeli, ilikuwa imekatika. Laurenti alihangaika kweli kutafuta nyingine. Tundu la fremu ile lilikuwa pana kuliko kawaida na meno yake ya ndani membamba. Vikombe vya dukani, vile vya chuma vinavyoshika gololi za ekseli, vilikataa kuingia, na yeye hakuwa fundi wa kulazimisha chuma. Ekseli zilizopatikana zilikuwa fupi, mkono wa pedeli ukakwaruza fremu kila ulipozunguka.

Kila Jumamosi Benedikta alitembea maili nne kuja kuulizia. Alikaa juu ya kasha, wakazungumza habari za wanafunzi, za kwaya, za mvua. Akiondoka, banda lilipwaya. Laurenti alimtamani mwanamke yule mpaka chakula kikawa hakipiti, lakini mdomo wake ulikuwa mzito.

Katikati ya Februari alipata ekseli ndefu pamoja na vikombe vyake kwenye vyuma chakavu vya shamba la mkonge. Akavijaribu, vikaingia barabara. Kisha, mtu mzima mwenye akili zake, akavitoa na kuvificha ndani ya kopo la gololi. Jumamosi akafunga moja ya zile fupi, akauzungusha mkono wa pedeli mbele ya mwalimu.

“Unasikia, Mwalimu? Bado inakwaruza.”

Mwalimu akasikiliza, akasema atarudi wiki ijayo. Ikawa hivyo hadi Juni.

Jumamosi moja ya Juni Benedikta hakukaa juu ya kasha. Laurenti alimmenyea chungwa, akalipokea asilile. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye kopo, akatia mkono kati ya gololi na kutoa ekseli. Ilikuwa imefungwa kitambaa, maana Laurenti hakuweka kifaa cha mteja bila kukiandikia jina, hata kile alichokuwa akimwibia. Benedikta akasoma kwa sauti ya darasani: “Mwalimu Benedikta. Imeingia. Tarehe 16 Februari.”

Laurenti akatamani ardhi ipasuke immeze.

“Niliiona Pasaka,” akasema Benedikta, “siku ulipokwenda kunichotea maji.”

“Na ukaendelea kuja?”

“Nikaendelea kuja. Jina langu uliweza kuliandika kwenye kitambaa, Laurenti. Barua kwa baba yangu ndiyo iliyokushinda.”

Hakuwahi kumwita kwa jina kabla ya siku ile. Laurenti akasema ataiandika leo hii, jioni ataipeleka mwenyewe. Benedikta akatikisa kichwa. Barua ya posa ilikuwa imefika nyumbani kwao mwezi uliopita, kutoka kwa mtu wa Korogwe, na baba yake alimuuliza mara mbili kama kuna mwingine anayemngoja. Hakuwa na jina la kumtajia. Mahari ilishapokelewa.

“Nifungie baiskeli yangu, Fundi,” akasema.

Akaifunga. Kikombe cha kulia akakikaza kwa kukizungusha kushoto, kama kinavyotaka, gololi akazipanga ndani ya grisi moja moja, akichelewesha kadiri alivyoweza. Nusu saa ikatosha kwa kazi ya miezi mitano.

Benedikta akapanda, akaaga, akashika njia ya misheni. Laurenti akasimama mlangoni akitega sikio, akimwomba Mungu mkono wa pedeli ukwaruze fremu hata mara moja, arudi. Mwalimu akakata kona ya sokoni, na baiskeli haikutoa sauti yoyote.