Kitenge Kwenye Tundu la Hewa

Vedasto ni mtu wa wasiwasi, na sisi tunaomfahamu hatujawahi kumficha hilo. Ukialikwa kwake Spånga, huku kwa Waswidi, hata chai hujaionja, ameshakuonyesha mlango wa kutokea endapo moto utazuka. Anafundisha hesabu Jakobsberg, na wanafunzi wake wanamtania kwamba jibu likiwa sahihi ndiyo kwanza anaanza kulitilia shaka. Anacheka nao, kisha analikagua tena.

Wasiwasi huo ulipata kazi ya kudumu siku waliponunua ile nyumba. Mkewe, Vumilia, alitaka bustani, akaipata. Nyumba nyingi za huku zinapashwa joto na mabomba ya maji moto ya mji, lakini yao ni ya zamani, ina boila yake ya gesi ya kupashia joto, kwenye chumba kidogo chini ya ardhi. Boila ikiunguruma Vedasto anashtuka, ikinyamaza anashtuka vilevile. Vumilia alimuuliza siku moja ameoa nani, yeye au hiyo mashine.

Lakini hakuwa anaogopa ovyo. Fundi wao, Mswidi mmoja aitwaye Jonas, huja kila mwaka kabla ya baridi kuisafisha na kuipima, naye alimweleza vizuri. Gesi yenyewe ikivuja utaijua, maana imetiwa harufu makusudi. Ya kuogopa zaidi ni ile isiyonuka. Moto ukikosa hewa hauwaki sawasawa, unatoa sumu ambayo huioni wala huisikii, inakupa kichwa kuuma, kisha usingizi, kisha basi. Ndiyo maana pale ukutani pana tundu la hewa lenye wavu. Baridi itaingia, alisema Jonas, iache iingie. Mwali uwe wa buluu. Ukiuona wa manjano, toka nje, uwaite watu.

Vedasto aliyashika yote. Kila Jumamosi alishuka na tochi, akachungulia mwali kwenye kidirisha, akapapasa tundu kama linapitisha upepo. Theluji ikianguka alizunguka nyuma ya nyumba kufukua mbele ya wavu usizibwe. Alinunua na king'ora kinacholia kikinusa ile sumu, akakifunga ukutani huko chini. Tulimcheka sana. Theresia wa Vällingby, rafiki yetu mwenye mdomo usiopumzika, alisema Vedasto anaitunza boila kuliko wengine wanavyotunza wake zao.

Kisha mwezi wa kwanza Vumilia akajifungua mtoto wa kiume, Ernest, na mama yake, Mama Josephine, akapanda ndege kutoka Bukoba kuja kumuuguza mzazi.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mama Josephine ni mwanamke wa heshima, mnyoofu, amefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na kwake mkwe ni mkwe. Mkwe humtazami usoni, humpi mkono, huli naye meza moja, na chumba unacholala hakikanyagi. Vedasto amelelewa hivyohivyo. Miaka yote ya ndoa, salamu zao zilipita kwa Vumilia, na hata namba ya simu ya mama mkwe wake hakuwa nayo. Sasa watakaa nyumba moja, tena huku ambako vyumba vinatazamana!

Dawa ikapatikana huko chini. Kando ya chumba cha boila kuna chumba cha wageni chenye choo na bafu lake. Akilala huko, Mama hatakutana na mkwewe kwenye korido asubuhi amevaa kanga ya kulalia. Wote wawili walishusha pumzi. Shida moja tu: ili kuifikia boila, ni lazima upite katikati ya chumba hicho, kando ya kitanda.

Jumamosi ya kwanza Vedasto alishika tochi, akafika kwenye ngazi, akarudi. Ya pili hakuishika kabisa. Alijiambia Jonas aliisafisha juzijuzi tu. Kile king'ora alikuwa amekwisha kukihamishia juu siku mtoto alipotoka hospitali, akakitundika karibu na kitanda cha Ernest, akisema atanunua kingine cha chini. Wageni wakawa wanaingia na kutoka, uji unapikwa, mtoto analia, na cha pili hakikununuliwa.

Huku nyuma wasiwasi ulimla. Alikuwa akikaa sebuleni na daftari za wanafunzi, masikio yako chini ya sakafu. "Muulize mama kama kuko sawa huko," alimwambia mkewe. Vumilia aliuliza, akarudi na jibu: Mama anashukuru, kuko sawa. Jibu gani lingine mtu mwenye adabu angetoa nyumbani kwa mkwe?

Halafu Mama akaanza kuumwa kichwa. Aliamka nacho, na hakuwa na hamu ya chai. Vumilia alisema ni presha. Theresia alisema ni baridi ya huku, na kwamba yeye mwenyewe aliumwa hivyo mwaka wake wa kwanza. Nala, binti yao mkubwa wa miaka sita anayesemeshwa Kiswahili na kujibu Kiswidi, alipanda ngazi asubuhi moja akatangaza, "Mormor har ont i huvudet igen," yaani bibi kichwa kinamuuma tena. Jumapili walimpeleka kanisani, akaimba, akala pilau, akasema kichwa kimeacha. Jumatatu kikarudi.

Vedasto alilisikia hilo la Jumapili. Kwa nini nje kinaacha? Alimwuliza mkewe, naye mkewe, ambaye halali usiku kwa ajili ya mtoto, alimjibu kwa ukali, "Baba Nala, naomba usinitie na mimi wasiwasi wako." Vedasto akarudi kwenye daftari zake.

Siku iliyofuata theluji ilianguka asubuhi nzima, ya kwanza tangu Mama afike. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya baridi. Vumilia alimpeleka Ernest kliniki kupimwa uzito, Nala akafuatana nao, na Mama akasema atabaki ajilaze kidogo. Vedasto alivaa buti, akachukua koleo, akazunguka nyuma kufukua mbele ya wavu kama kawaida yake.

Theluji ilipoondoka, aliona rangi ya machungwa. Aliinama. Ndani ya wavu palikuwa na kitambaa, kimekunjwa na kushindiliwa vizuri, kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Maua ya machungwa juu ya kijani. Kile kitenge alikijua, maana alikinunua mwenyewe Kariakoo, akampa Vumilia ampelekee mama yake.

Koleo lilimtoka mkononi.

Aliingia ndani mbio na buti zake, akafungua mlango wa ngazi ya chini, ule ambao Mama huufunga siku zote kwa staha. Joto zito lilimpiga usoni. Kidirisha cha juu ya ngazi kilikuwa kinachuruzika maji.

"Hodi! Mama, hodi!"

Kimya. Alimpigia Vumilia. "Mpigie mama simu sasa hivi. Usiniulize, mpigie." Akasubiri, na kweli simu ikaanza kulia huko chini, ikalia, ikalia, ikakatika. Ananiambia mpaka leo kwamba hajui alikuwa anaogopa nini zaidi, kifo au ule mlango.

Akashuka ngazi mpaka mwisho, akagonga mlango wa chumba. "Mama! Toka nje, tafadhali! Hewa ya humo ni mbaya!"

Ndipo aliposikia sauti yake, ndogo, ya kuburuta, kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. "Usiingie, baba. Sijajisitiri."

Jamani. Mwanamke anakufa, na bado anamlinda mkwewe asione aibu. Na huyu mkwe, mkono uko kwenye kitasa, miaka yote ya malezi inamwambia ageuke. Vedasto anasema alisimama pale muda mrefu sana. Sidhani. Nadhani ilikuwa ni kufumba na kufumbua, lakini ni yeye aliyesimama, si mimi.

"Nisamehe, Mama," alisema kwa sauti, akafungua.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amejaribu kuinuka akashindwa, kanga imeteleza, uso umelegea. Vedasto alivua koti lake, akamfunika, akamwinua mikononi. Huyu ni mama ambaye hajawahi kumpa hata mkono. Alimpandisha ngazi akihema, akaiacha milango yote wazi nyuma yake, akatoka naye mpaka barabarani, kwenye theluji, na kutoka hapo mpaka kwa jirani yao Hanna, aliyekuwa amekwisha kufungua mlango. Akapiga 112, namba ya dharura. Kiswidi chake, anachofundishia hesabu kila siku, kilimtoroka. Hanna akaichukua simu akamalizia.

Zimamoto walikuja, wakaingia na vipimo vyao, wakafunga gesi, wakafungua madirisha. Mmoja wao alitoka akamwuliza ni nani alikuwa amelala mle ndani. Akamwambia kwamba kama angelala mpaka jioni, wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Vedasto akakaa kwenye ngazi ya jirani akalia, mbele ya watu, bila kujificha.

Hospitalini walimwekea Mama oksijeni, akapata nafuu, akaruhusiwa. Hakurudi Spånga, maana boila ilikuwa imezimwa. Familia nzima ilihamia kwa Theresia huko Vällingby, wanawake na watoto chumbani, Vedasto sebuleni kwenye kochi. Jonas alikuja akaifungua boila, akasafisha masizi, akakagua bomba la moshi, akapima tena na tena, kisha akasema iko salama, mradi ipate hewa. Vedasto alinunua ving'ora, si kimoja, akavitundika juu na chini.

Lakini wasiwasi haukumtoka, ulihama tu. Sasa aliogopa kile alichofanya. Amemwona mama mkwe hajajisitiri, amembeba kama mtoto, majirani wakitazama. Pale kwa Theresia, akiingia sebuleni Mama anainuka na kwenda jikoni, na Vedasto alihesabu kwamba amekwisha. Alimwambia Vumilia, "Mama atarudi Bukoba kabla ya wakati, na atakuwa na haki."

Siku ya kurudi Spånga, Vedasto alitangulia kuwasha taa. Alikuwa jikoni aliposikia wengine wameingia, viatu vinavuliwa, Nala anasimulia kitu kwa Kiswidi. Kisha nyayo zikaja mpaka mlangoni pa jikoni, zikasimama. Akatazama sakafu, kama ipasavyo.

"Baba Nala," Mama Josephine alisema.

"Naam, Mama."

"Nipeleke nikaione hiyo mashine."

Walishuka, yeye mbele, Mama nyuma, Vumilia na mtoto wakichungulia kutoka juu. Katika chumba cha boila Mama alivaa miwani. Vedasto akamwonyesha kidirisha, naye akainama kuchungulia. Mwali ulikuwa wa buluu, umetulia, mzuri.

"Kumbe kuna moto humu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Hili ni jiko."

"Ndiyo, Mama. Ni jiko."

Akanyooka, akavua miwani. "Mimi nilidhani ni mashine ya umeme, kama friji. Niliona tundu linaingiza baridi, na huko juu kuna kichanga na mzazi. Nikaziba." Akamgeukia Vedasto. "Baba, nimewafukia majirani zangu mtu na mkewe na watoto, walilala na jiko la mkaa mlango umefungwa. Shuleni kwangu nilikuwa nawaimbisha watoto: mkaa hauingii chumbani. Hakuna mtu Bukoba anayelijua hili kunishinda. Mngeniambia ni jiko, ningelala dirisha wazi hata na theluji hii. Kila mtu anayekuja hapa unamweleza habari za hii boila, mpaka Theresia anaitungia utani. Mimi niliyelala nayo mlango kwa mlango, mbona hukuniambia?"

Vedasto akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, alimtazama mama mkwe wake machoni.

"Niliona aibu kukusemesha, Mama."

"Na mimi niliona aibu kukuuliza," alisema Mama Josephine. "Tungezikana kwa adabu."

Hakuna aliyecheka. Kile kitenge cha machungwa kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari, mahali Jonas alipokitundika. Mama alikitwaa, akakikung'uta vumbi, akajifunga kiunoni kama mtu anayeanza kazi.

"Haya," alisema, "nionyeshe inapozimwa."