Mtaro wa Gungu na Mpira wa Mawese

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya mitaro nilikabidhiwa sururu, beleshi na matusi. Nyapara aliniuliza nimesoma mpaka wapi, nikamwambia darasa la pili, nikaacha. Akasema basi nitachimba mpaka nife. Sikufa. Nilianzia Katonga, hapa Kigoma, kuzibua mitaro iliyojaa magamba ya samaki, nikahamishiwa Kibirizi, na mwisho nikawa fundi mkuu wa mitaro. Waliosoma wakawa wananiuliza mimi.

Vijana mnadhani mtaro ni shimo refu tu. Mtaro lazima uwe na mwanguko, yaani kila unaposogea mbele unashuka kidogo, hata kama jicho halioni. Sisi tuliupima kwa mpira wa maji: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, unaujaza maji, mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, na maji yanasimama usawa mmoja pande zote. Toka usawa huo ndipo unapima kwenda chini na kupiga kigingi.

Kazi iliyonipa jina ilikuwa Gungu, miaka ile wakimbizi wanaingia na malori ya misaada yanachimbua barabara. Ofisi yetu ikainua barabara kwa kifusi, ikaweka kalavati, lile bomba la zege la kupitisha maji chini ya barabara, na mdomo wake ukaelekea uani kwa Mama Anzuruni. Alikuwa mjane, wazee wake walitoka Kongo, anauza dagaa wa kukaanga. Mvua ikinyesha, sufuria zake zinaelea mpaka kwa jirani. Alipokwenda kulalamika, alijibiwa kwa kuchorewa X nyekundu ukutani: nyumba iko kwenye njia ya maji, ibomolewe.

Nikamfuata Bwana Mhandisi, mkubwa wetu, ofisini. Hata kofia sikuvua.

"Maji yakiwa barabarani ni yetu," akaniambia. "Yakiingia uani ni ya mwenye ua."

"Kwani yeye ameyaita? Sisi ndio tumempelekea, mzee, tena kwa bomba."

 Akanipa wiki mbili, nichimbe mtaro toka kwenye kalavati mpaka korongoni. Ukifanya kazi, X inafutwa, na mtaro unaandikwa wa ofisi, ofisi iusafishe daima. Ukishindwa, nyumba inavunjwa.

Mwenzangu alikuwa Melkiori, Mrundi aliyekimbia vita pamoja na mkewe wakapitia kambini, mtu wa milimani, mchimbaji hodari. Mpira wetu ulikuwa umepasuka, nikanunua mwingine Ujiji kwa muuza mawese, aliyekuwa anautumia kuhamishia mafuta toka pipa hadi pipa. Nikausuuza juu juu, wekundu uliobaki ndani nikaudhani rangi tu. Tukapima asubuhi, mvua imetoka kunyesha na baridi imekaza. Melkiori akasema maji yanasogea kwa shida mle ndani. "Buhoro, buhoro," akaniambia, yaani polepole, tungoje yatulie. Nikamjibu kwamba hapa si kambini, hatungojei kitu.

Siku ya kuufungua mtaro alikuja Bwana Mhandisi, nyapara, na nusu ya Gungu. Mvua ikashuka. Maji yakatoka kwenye kalavati, yakaingia mtaroni vizuri, yakatembea hatua kama ishirini, yakasimama. Kisha yakarudi yalikotoka, yakafurika, yakaingia kwa Mama Anzuruni mpaka uvunguni.

"Fundi, ahsante," akasema Mama Anzuruni. "Zamani yalikuwa yanaishia uani. Wewe umeyakaribisha chumbani."

Watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Bwana Mhandisi akaniongezea siku tatu, akaondoka.

Melkiori akaulaza mpira juani. Saa sita akauinua, kikateleza kipande chekundu cha mawese, kirefu kama kidole. Mawese yakipata baridi yanaganda, kila jiko la Kigoma linajua hilo, nami mzaliwa wa Ujiji nikasahau. Yalikuwa yameuziba mpira, maji hayakusimama sawa, tukapiga vigingi vya uongo. Melkiori alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, kisha nikamwomba radhi kwa lile neno la kambi.

"Ego, fundi," akasema, yaani ndiyo. "Sasa tungoje."

Tukauosha mpira kwa maji ya moto na sabuni, tukapima upya mchana, tukangoja kila kigingi, tukachimba tena palipokosewa. Mvua iliyofuata, maji yaliteremka mpaka korongoni bila kugeuka nyuma. Bwana Mhandisi mwenyewe akashika brashi na chokaa, akaifuta ile X, na Mama Anzuruni akampigia vigelegele mpaka akaona haya.

Sasa nimestaafu, magoti yamegoma. Ninalotaka mjue ni hili: maji yakiingia uani kwako, usikubali kuambiwa ni yako kabla hujayafuata yalikotoka. Yafuate kwa miguu, mvua ikinyesha. Ukikuta yametoka barabara ya umma, nenda ofisini ukawaambie.

Siku ya kuniaga walisoma karatasi ndefu ya sifa zangu. Mama Anzuruni, mvi kichwa kizima, akasimama bila kuitwa, akasema wamesahau moja: huyu fundi aliwahi kumlaza yeye kwenye maji ya serikali. Nikakiri mbele ya wakubwa wote kwamba ni kweli.

"Nyumba je, mama?" nikamuuliza.

"Ipo," akasema. "Na chakula kimeiva huko, nyote mnakuja kula."

Tukaenda kwa miguu, wakubwa na vibarua, tukiufuata mtaro.