Chupa ya Kuonyesha

Mimi nilikosa. Naisema kwanza, mbele sijaanza kupamba maneno.

Ile asubuhi, kwetu Lubunga, ng'ambo ya muto toka mujini, walikuwa hawa kwenye meza yangu ya mafuta. Mimi. Mama Zaina, mama-bokilo yangu, mwenye kuzaa bwana yangu. Papa Asumani, ule bwana mwenyewe, alitufikia baadaye. Na Rolfi, Muzungu wa pikipiki. Yeye hakuwa ndugu ya mutu pale, alitoka Ulaya na pikipiki yake, anaenda Kindu na mbele tena. Mudogo yangu Mangaza, wa tumbo moja na mimi, hakuwa pale. Yeye aliolewa Ubundu. Lakini habari yote hii ni yake.

Ilikuwa wakati ya Zaire. Bateau, ile meli ya mafuta, haikupanda toka Kinshasa wiki na wiki, esanse, mafuta ya pikipiki, ikawa ya kutafuta sawa dawa. Mimi nilikuwa nauzisha kando ya barabara, kwa chupa. Bon, niseme namna tulikuwa tunafanya, hata wenzangu wakinichukia. Mu bidon, ile dumu ya kuuzishia, tulichanganya esanse na petroli ya taa, ile mafuta ya kuwashia taa. Pembeni tuliweka chupa moja ya esanse safi. Hiyo ndiyo chupa ya kuonyesha. Mutu akiomba kupima, unamumwangia ya ile chupa mu kiganja. Anapuliza, inakauka mara moja, mukono inabaki baridi. Anafurahi. Halafu unamutilia ya bidon.

Pikipiki za hapa zilikuwa zinakohoa tu, zinaenda. Ndivyo nilikuwa najidanganya!

Rolfi alikuwa na akili. Alipuliza kiganja, akanusa, akapuliza tena. Mama Zaina akamucheka: "Weye Muzungu, unanusa mafuta sawa mwanamuke ananusa samaki sokoni." Naye akajibu na Swahili yake ya kujifunza njiani kwamba samaki mubaya inaumiza tumbo siku moja, mafuta mubaya inakulalisha mu pori. Tukacheka wote. Hata mimi nilicheka.

Akatoa kofia yake ya manyoya, akasema nimwange mafuta kupitia pale, sababu maji haipiti. Kweli, maji haikuwa. Lakini petroli ya taa inapita mu kofia bila shida! Nilijua. Nikamujazia tanki yote, na bidon yake mbili.

Alikuwa anafunga mizigo wakati Papa Asumani alishuka ku bac, kivuko ya muto, anatoka mujini. Munielewe vizuri: siku mbili mbele ya pale barua ilitufikia kwamba Mangaza amezaa, mutoto iko muzima, lakini yeye homa inamuchoma na sindano imeisha kule. Bwana yangu alivuka kutafuta hiyo sindano, akaipata. Alors, treni ya kwenda Ubundu haikuwa. Mashini iliharibika, ile wiki hakuna kupanda.

Akaona pikipiki. Akamushika Rolfi mukono.

"Monsieur, mudogo ya bibi yangu iko nakufa kule Ubundu. Weye unapita pale. Pelekea infirmier, muuguzi wa kule, hii sindano."

Rolfi akatia paketi ndani ya shati, karibu na moyo. "Papa, leo jioni atakuwa nayo."

Mimi nilisimama na entonnoir, ile ya kumwangia mafuta, mu mukono. Neno ilikuwa hapa, ku koo: mwanga ile mafuta, chukua hii ya chupa, nitakutafutia ingine kwa jirani. Neno moja tu! Lakini Mama Zaina ananiangalia, yeye mwenye kusema siku zote kwamba mwana wake alioa mwizi. Nikasema mu roho: Ubundu si mbali, itafika.

Nikamupungia mukono.

Pikipiki ilikufa mu pori, piston ya mashini imetoboka kwa ile mafuta ya kuchanganya. Rolfi aliiacha, akatembea na miguu, halafu akapata kinga, baiskeli ya kuazima. Alifika Ubundu siku ya tatu. Mangaza walimuzika jana yake.

Mungu yangu, mbona sikusema!

Treni ilipopona, Rolfi akarudi kwetu. Alifungua kitambaa mbele ya matanga yote, ile piston iko ndani. Akapiga magoti kwangu. "Mama, ni mimi sikupima vizuri. Unisamehe."

Watu wote waliniangalia. Nikasema: "Nimekusamehe."

Nilimusamehe kwa kosa yangu! Akalia sawa mutoto, akanishukuru, akaenda na ule muzigo. Mpaka leo sijui kama aliutua.

Mutoto ya Mangaza, Furaha, nilimulea mimi. Ananiita mama. Kila mwaka anaombea mama yake, tena anamuombea na ule Muzungu, Mungu amusamehe kuchelewa. Na mimi naitika amina.

Nyinyi wenye kuuzisha, musiseme ni kidogo tu. Hamujui ndani ya shati ya mutu muko nini. Na kama umekwisha kukosa, sema wakati pikipiki ingali imesimama.

Mimi ni muzee, masomo yangu kidogo. Kama kulikuwa mutu pale nimemusahau, ao kama kofia haikuwa ya manyoya, munisahihishe. Wewe pia, Furaha, ukisoma. Lakini kwa ile ya bidon, hapo sikosei.