Kuku Waliokufa kwa Taipu

"Kuku wangu kumi na wawili umewaua kwa taipu yako?" Nasambu alifoka. "Mafuriko yalipokuja walipanda paani, wakapona!"

Karani wa kanisa pale Ahero hakuinua macho. Alilamba kile kidole kimoja cha kuchapia, akagonga mpaka viboko wa ziwani wakashtuka. Katika kila barua yake ya kuomba msaada, maji yalipanda kidogo.

"Mama, tukiandika kuku wapo, mbegu hatupati. Na wakati wa kupanda ndio huu."

Nasambu alikumbuka shamba lake, tope tupu. "Basi wafe. Lakini jogoo afe mwisho."

Mlango ukafunguka. Akaingia bwana wa msaada kutoka Nairobi, viatu mkononi.

"Karibu, Bwana!" Nasambu akachangamka. "Keti, nikuchinjie ku—"

Kidole cha karani kikabaki hewani.