Salopeti Iliyopigwa Pasi

Baada ya kumaliza chuo kikuu, kila nilipotoka kwenda kuomba kazi kwenye migodi ya Kolwezi, mama alinipigia pasi shati langu jeupe kwa pasi yake ya makaa. Mwishowe nikapata kazi ya kusaga mawe ya shaba kwenye maabara, nikapewa salopeti, ile nguo nzito ya bluu ya wafanyakazi. Mama akaipiga pasi nayo, mistari ikasimama wima miguuni.

“Mama, mi naenda kusaga mawe!” nikafoka.

“Habataona diplome,” akasema. “Bataona nguo.”

Wenzangu kazini walicheka, mmoja akaniuliza kama naenda kuoa. Nilinuna. Lakini kiti kilikuwapo, na siku nzima sikukikalia, nisije nikaivunja mistari ya mama.